Mkono Begani Kiwandani

Kiwanda cha mkonge kilipofungwa, miaka ya tisini mwanzoni, karani wake mmoja aliyemjua mama alituletea nyumbani Machakos picha aliyoikuta ofisini. Ilipigwa wakati wa vita vikuu vya pili. Wanaume walikuwa wamechukuliwa jeshini, na meli zilihitaji kamba, basi wasichana wakawekwa kwenye mashine. Wamejipanga mbele ya marundo ya nyuzi, vumbi limewajaa hadi kwenye kope. Mmoja wao ni mama yangu, kabla hajasilimu na kuolewa na baba: kichwa wazi, mabega wazi.

Mama alikuwa anakaribia miaka sabini, na sikuwahi kumwona akitoka bila buibui. Aliitazama, akaifudikiza mezani.

"Ichome."

"Mwaitu," nilimwita mama kwa Kikamba, "sina picha yako nyingine ya ujana."

"Ujana wangu Mungu anaujua. Wewe wautakia nini?"

Sikubishana naye, sitara ni yake. Lakini baada ya swala ya alasiri aliniita.

"Umemwona huyo aliyenishika bega? Tulisugua nyuzi kwenye mashine moja. Alifariki siku chache baada ya kujifungua. Binti yake ndiye yule muuza ndoo wa Tala. Hajawahi kuiona sura ya mama yake. Nikate mimi nitoke pichani, umpelekee yeye."

Nilichukua mkasi, nikaurudisha. Mkono wa rafiki yake ulikuwa umemzunguka mama shingoni hadi bega la pili. Nikamwonyesha. Alivuta tasbihi kwa muda mrefu.

"Basi tutakwenda nayo nzima."

Huko sokoni Tala, binti yule alijifuta mikono kwenye leso kabla ya kuipokea.

"Yupi?"

"Huyo anayecheka. Mpiga picha alitukataza kucheka. Mama yako hakuwa mtu wa kukatazwa."

Aliitazama, akigusa ukingo tu. Kisha akauliza, "Na huyu aliyewekewa mkono begani?"

Mama alikohoa. "Ni mimi."

Mwanamke aliangalia buibui, akaangalia picha. "Wewe, mama? Na mabega hayo!"

Wakacheka hadi mama akashika meza ya ndoo.

"Usiitundike sebuleni."

"Itakaa chumbani kwangu. Mwanamume haingii huko, mimi ni mjane." Akamvutia mama kigoda. "Sasa niambie. Alikuwa mrefu? Sauti yake ilikuwaje?"

Mama akakaa, akaanza. Mteja alikuja akitaka karai, na hakuna kati yao aliyegeuka. Nikamshukuru Mungu kwamba picha haikuchomwa wala kukatwa, nikamuuzia mteja mimi.