Chumba Cheupe cha Mama Ayikoru

Nakumbuka asubuhi moja mama mkwe wangu aliniuliza mlango uko wapi, naye alikuwa amesimama mbele ya mlango huo huo. Alikuwa akipapasa ukuta kama mtu anayetafuta chumvi gizani. Huyo ndiye Mama Ayikoru, nyanya yako, mama wa baba yako, ambaye hukumkuta. Mimi nilikuwa binti wa Kikakwa kutoka Lurujo, nimeolewa Arua juzi juzi tu, na Kilugbara, lugha ya kina baba yako, nilivyokisema kiliwachekesha hata kuku. Kwa hiyo mimi na yeye tulisemeshana kwa Kiswahili cha sokoni, kila mmoja akikivunja kwa upande wake.

Mwanangu, umeniletea simu imejaa picha za vyumba, unaniuliza chumba changu katika nyumba yako mpya ukipake rangi gani. Nitakujibu. Ila kwanza nivumilie, maana mimi sijui kueleza jambo upesi. Hata marehemu baba yako alijaribu kunifundisha akachoka.

Baba yako Adriko alikuwa dereva wa lori, akipeleka mizigo mpakani Oraba. Alikuwa kitinda mimba, na kwao walikuwa wamekubaliana kwamba mama atazeekea kwake. Akajenga nyumba ya matofali na mabati, hatua chache kutoka kibanda cha nyasi cha mama yake. Chumba cha mama alikipaka kwa mkono wake mwenyewe, fundi hakumtaka. Kuta nyeupe, mlango mweupe, fremu nyeupe, hata sakafu akaipaka rangi ya maziwa. Na yote ilikuwa rangi ya mafuta, ya kung'aa, kama aliyoiona kwa tajiri mmoja mjini. Aliniambia mama yake amekula moshi maisha yake yote, sasa alale mahali peupe. Majirani walikuja kutazama, wakavua viatu bila kuambiwa. Nami nilijivuna, kwa nini nikudanganye.

Mama alishukuru, akatubariki, akahamia. Lakini haikupita wiki tukaanza kumkuta asubuhi katika kile kibanda cha zamani. Ukimuuliza, anasema alikwenda kuchukua tumbaku. Kesho yake, alisahau kiko. Sasa mwanangu, kibanda cha chumba kimoja kina vitu vingapi vya kusahauliwa? Baba yako aliumia sana. Aliona mama yake ameikataa nyumba yake, na sijui kwa mtoto wa kiume kuna uchungu gani kupita huo. Akaacha kula naye. Akiondoka kwenda Oraba akaapa kwamba akirudi atakibomoa kibanda, tuone mama atakimbilia wapi. Mama alisikia. Akaanza kukusanya nguo zake aende kwa dada yake kijijini Lobule, akafie huko.

Hiyo ndiyo asubuhi ninayokuambia. Aliingia katika chumba cheupe kuchukua blanketi, akashindwa kutoka. Nilipomshika mkono nikaona paji la uso limechubuka, na goti limevimba. Nilimkalisha kitandani nikamuuliza kwa nini hakutuambia kwamba haoni.

"Macho iko kidogo," alisema. "Lakini ukuta nyeupe, mlango nyeupe, chini nyeupe. Yote imekuwa kitu moja. Mimi hapana jua miguu yangu iko wapi."

Nikamuuliza tena, mbona alinyamaza.

"Mtoto amejenga na jasho yake. Mimi nitamwambia nyumba yake iko mbaya?"

Nililia, mwanangu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Sote tulikisifu kile chumba, na hakuna kati yetu aliyelala humo.

Nikataka kujua anawezaje kibandani. Hakunieleza, alinishika mkono akanipeleka. Huko alitembea kama msichana, mimi ndiye niliyejikwaa. Kisha nikakiona kitu nilichokuwa nakiona tangu utoto bila kukitazama. Sisi wanawake wa huku tukimaliza kusiriba ukuta kwa udongo, huzungusha chini ukanda mweusi wa majivu na mavi ya ng'ombe, tukaupandisha kando ya mlango pande zote mbili. Mama yangu alinifundisha kule Lurujo, nami nilidhani ni pambo, au ni kuficha matope yanayoruka wakati wa mvua. Mama Ayikoru alikuwa akifuata ule weusi. Ukanda unapokatika ghafla, pale katikati ni mlango.

Katika ukoo wao mke mpya ndiye humsiribia mama mkwe nyumba. Mimi sikuwa nimeambiwa nifanye hivyo, kwa kuwa nyumba ya rangi haisiribwi. Basi nilikoroga majivu yangu, nikapaka. Yalipokauka yakabanduka yote, maana rangi ya mafuta haishiki mavi ya ng'ombe. Nikaenda sokoni Arua nikanunua kopo dogo la rangi nyeusi, ile ya kupakia mageti. Mama alinionya kwamba mume wangu atanikasirikia. Nikamwambia mkono wa mke mpya ulikuwa na deni katika chumba hiki, acha ulipe.

Baba yako aliporudi alisimama mlangoni. Aliuona ule weusi juu ya weupe wake, akauliza kwa sauti ya chini ni nani aliyechafua chumba cha mama yake. Kabla sijajibu, mama aliinuka kitandani. Hakushika ukuta. Aliufuata ukanda taratibu, akakata kona, akaja mpaka mlangoni, akamwekea mwanawe mkono kifuani.

"Adriko," alisema, "leo ndiyo nimeona nyumba yako."

Baba yako alikaa pale pale kizingitini akalia kama mtoto. Kibanda hakikubomolewa, kuku ndio walikirithi. Na mama hakwenda Lobule tena, ila kusalimia.

Basi, mwanangu, wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Ukichagua rangi, usianze na picha wala na macho ya mgeni, kwa sababu mgeni atakunywa chai aende zake. Anza na atakayeamka humo kila siku. Muulize, tena muulize vizuri, kwa maana anayekupenda anaweza kukuficha maumivu yake ili asikuvunje moyo. Na wewe ukizeeka, usinyamaze kama nyanya yako. Kunyamaza kwake kulikuwa upendo, lakini kulikaribia kututenganisha.

Kwa hiyo mimi sinyamazi. Zile picha ulizonionyesha, mwanangu, nilizisifu kwa adabu. Sikuona kitu ila weupe. Ni mwaka wa pili sasa macho yangu yamekuwa kama ya nyanya yako.

Chumba changu kipake rangi yoyote uipendayo, na chini unizungushie ukanda mweusi. Mwambie mke wako aupake yeye, nami nitakaa hapo nimwelekeze. Mungu aibariki mikono yenu, na kila atakayelala chini ya mabati hayo aujue mlango wake bila kuuliza.