Joto la Kichuguu cha Mama Honorine

Katika mtaa mzima kilibaki kichuguu kimoja. Vingine vyote vilikuwa vimegeuka nyumba, kwa sababu udongo wa mchwa hutoa tofali zuri, na watu wa Lubumbashi hawaoni maana ya kuiacha nyumba isimame mbele yao ikiwa na umbo la kilima. Hiki kilikuwa nyuma ya uzio wa Mama Honorine Mumba, kwenye ardhi ya mji, kirefu kuliko paa lake. Kileleni uliota mti wa mufungufungu wenye matunda marefu kama michi ya kutwangia.

Mama Honorine alikuwa na miaka sitini na minane. Mumewe, fundi wa magari, alikwisha kufa. Watoto walikuwa Kolwezi, Ndola na Ulaya; walimpigia simu Jumapili baada ya misa, mmoja baada ya mwingine, kwa swali lilelile, naye akawapa jibu lilelile. Majirani walisema anakaa na mizimu ya kichuguu. Hakukanusha. Angalau ilikuwa watu wa kukaa nao.

Kisha akaja Symphorien Ntumba, mtu wa miaka arobaini, kutoka mradi wa kupanga maeneo ya kijani ya mji. Alieleza kwamba kila Oktoba joto linazidi, mvua nayo inashuka yote kwa siku moja, kwa hiyo mji lazima uamue miti ibaki wapi. Akakunjua ramani. Mtaa wote ulikuwa wa kijivu, isipokuwa nukta moja ya kijani.

"Hii njo kichuguu yenu, mama."

"Kidogo vile?"

"Ku karatasi, mama. Kitu ya serikali inakuwaka kidogo ku karatasi."

Alifunga kipimajoto chini ya mufungufungu na kingine barabarani. Kila siku ya ine, kama Alhamisi inavyoitwa hapa, alikuja kusoma vyote viwili. Kichuguuni palikuwa na nafuu ya nyuzi tano. Kusoma kulichukua dakika mbili. Chai na viazi vitamu vilichukua saa nzima. Kufikia mwezi wa tatu wa ziara hizo Mama Honorine alijua ni jino gani linalomsumbua Symphorien, naye Symphorien alijua majina ya wajukuu ambao bibi yao hajawaona.

Mwezi wa nne wa ziara, Agosti, alifunga kisanduku cheupe mtini, na kingine barabarani.

"Hii inatuma namba yenyewe ku biro. Sitawasumbua tena, mama."

"Na chai utakunywa wapi?"

"Ku biro haiko chai."

Alilisema kama mtu anayetoa habari njema.

Alhamisi tatu Mama Honorine alichemsha chai ya watu wawili. Jumatano iliyofuata alikumbuka jambo moja alilojifunza katika miaka arobaini ya ndoa na fundi: mashine nzima haiiti mtu, mbovu ndiyo huita. Akapanda kichuguuni na mbabula yake, jiko la makaa, akaiweka chini ya kisanduku. Kesho yake Symphorien alikuwa mlangoni.

Alikagua, hakuona kosa, akanywa chai. Ikawa hivyo Septemba na Oktoba yote: Jumatano moto, Alhamisi mgeni. Kisanduku kilibadilishwa mara mbili.

Ila kompyuta ya mradi haikunywa chai. Yenyewe ilijumlisha. Siku moja ya Novemba, Jumatano, alikuja Kangwa, mfyatuaji wa matofali.

"Mama, rapor inatoka. Banasema kichuguu hii iko na joto kupita barabara. Banaifuta ku karte. Banasha nipatia ruhusa, kesho kutwa nabomoa."

"Nani anasema?"

"Mashine. Mashine haisemake bongo; uongo ni ya bantu."

Kesho yake Symphorien alikuja kukiondoa kisanduku. Hakutaka kuketi. Mama Honorine hakumbembeleza. Aliinua mbabula pamoja na birika lake, akapanda nayo polepole, akaiweka mahali pake pa siku zote.

"Angalia ku telefone yako," alisema.

Symphorien akaangalia. Ishirini na saba. Thelathini na tatu. Arobaini na moja.

"Tangu wakati gani, mama?"

"Tangu uliachaka kuya."

Alizipitia namba za nyuma, Jumatano kwa Jumatano, mpaka birika likafoka.

"Paka siku ya tatu tu?"

"Paka siku ya tatu. Siku zingine ni mti yenyewe."

Aliketi. Akazifuta Jumatano zote, moja moja, huku akinywa. Zilizobaki zilionyesha kwamba hapakuwa na mahali pa baridi zaidi katika mtaa. Jioni ile kichuguu kilirudi ramanini, na Kangwa akaambiwa atafute udongo kwingine. Kisanduku kilibaki mtini, kizima kabisa, hivyo hapakuwa na sababu ya mtu yeyote kuja.

Siku hizi, kila Alhamisi saa nne asubuhi, saa ileile ya chai yao, Mama Honorine hupanda bila mbabula. Hukifunika kisanduku kwa kiganja, kitambo kidogo, halafu hushuka. Ofisini mstari wa joto hupanda nusu nyuzi, kisha hurudi chini. Nusu nyuzi haiwezi kukifuta kichuguu. Kanuni ya mradi inataka kosa la namna hiyo lisahihishwe. Symphorien, ambaye husahihisha kila kitu, hajaligusa.