Madaftari Kumi na Moja ya Clotilda

Asubuhi yetu ya mwisho ya kawaida ilikuwa Jumanne, mwaka 1957, masika yakianza. Clotilda, mke wangu, alinimiminia chai, akachomeka penseli nyweleni.

"Baba Mektilda, tangu uamke umesema maneno manne," akanicheka. "Ungekuwa mtoto, ningekupeleka kwa daktari."

Nikanywa chai, nikaenda bandarini. Nilikuwa kuli. Shule sikuiona.

Yeye alisoma kwa masista, kwao Kilimanjaro. Kazi yake ilikuwa kusikiliza watoto wachanga wanavyoanza kusema. Alianza na mtoto wetu Mektilda. Surua ikamchukua hajatimiza miaka miwili. Mwingine angeacha. Yeye akaenda kwa watoto wa wenzake, Kariakoo mpaka Mchafukoge, miaka saba. Mama mmoja wa Kizungu, msomi, akapata habari, akamwajiri.

Neno hakuliandika daftarini mpaka alisikie mara tatu, siku tatu mbalimbali.

"Kishor kasema maji!" Ranjanben, mke wa Harilal mwenye duka, alimwita siku moja toka mlangoni, mwanawe mkononi. "Andika upesi, kesho atakataa!"

"Akikataa nitaandika kakataa. Alikuwa anatazama nini, shoga?"

"Chupa ya mafuta ya taa."

Wakacheka mpaka mtoto naye akacheka.

Jumanne ile, kurudi jioni, nikamkuta Clotilda amelala, anatetemeka. Kichomi. Hospitali wakamlaza. Harilal akawa anampelekea maziwa kila siku, nami sina cha kumpa kwa shukrani. Chini ya kitanda chetu kulikuwa na madaftari kumi na moja, yamejaa. Dukani kwake karatasi za kufungia bizari zilikuwa shida. Nilidhani daftari likishajaa, kazi yake imekwisha. Nikampa Harilal yote. Harilal alipofungua akaona ba-ba, da-da, naye akadhani ni ya mtoto anayejifunza kuandika.

Siku ya nne Clotilda akaniambia, "Niletee lile la kwanza, la jalada la bluu."

Nilikimbia. Harilal akapekua chini ya kaunta, akanipa jalada. Jalada tupu. Kurasa zilikwenda na bizari, zilikwenda na njugu, mitaa yote. Nikazunguka sokoni nikiokota karatasi kwenye matope. Nitajuaje ipi ni ipi? Sikujua kusoma.

Nikampelekea jalada. Nikamwambia yote. Hakunigombeza. Bora angenigombeza.

Alikufa Jumapili.

Kusoma nilijifunza ukubwani, wakati hakunifai tena. Mpaka leo nikiuziwa njugu, nazimwaga mfukoni, nainyoosha karatasi, naitazama. Siyo. Haijawahi kuwa yenyewe.

Siku ile alilishika jalada, akalifungua, akalifunga. Kabla ya kugeukia ukutani alisema haya tu, sikuongeza wala sikupunguza:

"Wale wengine wamekua, wanaongea kama sisi. Mektilda hakufika huko. Alikuwa humo tu."