Tai Aliyefungiwa Bandani kwa Papa Ilunga

Ipo siku moja, mwanangu, kila nikiikumbuka nacheka peke yangu jikoni. Nilikuwa bi harusi mpya hapa Rosettenville, nimetoka Morogoro, naishi na mama mkwe wangu. Yeye Kiswahili alikipata kwetu, miaka ya uhamishoni walipoukimbia ubaguzi wa rangi huku kwao, na alikisema kama anayetoa amri.

Asubuhi hiyo ndege alitua kwenye ukuta wetu. Mdogo tu, kama kuku, ana kishungi kichwani, na manyoya yamemshuka miguuni hadi kwenye vidole utadhani kavaa soksi. Jirani yetu Papa Ilunga, Mkongo wa Lubumbashi aliyewapenda kuku wake kama wanawe, alifurahi mno.

"Iko kuku ya Asia hii!" akasema. "Ona manyoya ya miguu! Jogoo ya mbegu muzuri!"

Mimi nikaziona kucha. Nikauona na mdomo, umepinda kama ndoana. Nikasema, "Papa, huyu mbona kama tai?" Lakini nilisema kwa sauti ya bi harusi, unaijua ile, macho chini. Hata mwenyewe nilijisikia kwa shida.

Papa Ilunga akamrushia koti, akambeba, akamtia bandani. Punde kuku wakapiga mayowe ya msiba. Akakimbilia ndani kuwaokoa, mlango ukajibamiza nyuma yake na komeo likaanguka kwa nje. Nilipochungulia, kuku wote wamejibanza kona moja, Papa Ilunga katikati yao, kajifunika ndoo kichwani. Tai katulia juu, anawatazama kama mtu anayechagua nyama buchani.

"Maman! Munifungulie!"

Mama mkwe akaja na blanketi, akafungua, akamviringisha yule ndege kama mtoto mchanga. Jioni mwenye ndege akafika kutoka Randburg, upande wa pili wa jiji, kazunguka mitaa yote akiulizia. Ni tai mdogo wa misitu ya Asia, akatueleza, alimponyoka kizimbani.

"Munaona?" akadakia Papa Ilunga. "Nilisema iko ya Asia!"

Mama mkwe akanigeukia. "Wewe hukuona kucha?"

"Niliona, Mama. Nilisema."

"Ulimwambia nani, kola ya gauni lako? Eish! Mtu anapeleka kucha kwa kuku wake, wewe unanong'ona, unaita heshima?"

Basi, mwanangu, ukiona hatari mbele ya wakubwa, sema. Tanguliza shikamoo, tumia adabu zote nilizokufundisha, lakini sema usikike, na wasipokuelewa rudia. Watakasirika kidogo, kisha watapoa. Mungu akupe macho ya kuona mapema na sauti ya kufika, na popote utakapoishi akujalie majirani wa kukusikiliza. Amina.