Sindano, Stima na Kidevu Changu

Nilianza kuota ndevu baada ya kujifungua mtoto wangu wa pili. Hazikuwa nywele laini za kufichika; zilikuwa nyeusi, ngumu. Kila asubuhi nilijifungia bafuni na wembe, na kufikia saa nane mchana kidevu kilikuwa kimeanza kukwaruza tena. Mimi hufundisha fizikia katika shule ya wasichana nje kidogo ya Eldoret, na wasichana wana macho.

Daktari alinipima homoni, hakuona ugonjwa, akanielekeza kwa mwanamke mmoja mwenye kliniki ndogo ya ngozi mjini, juu ya duka la mbegu na mbolea. Alinilaza kitandani, akanipa kijiti cha chuma nikishike, kilichounganishwa kwa waya na mashine ndogo ya umeme; waya mwingine ulikwenda kwenye sindano.

"Sindano hii inaingia pale unywele unapotokea," akasema. "Stima inaua mzizi. Utasikia kama unachomwachomwa."

Sikusikia kitu. Akauvuta unywele kwa kibano, ukakataa kutoka. Akaongeza stima. Bado. Akaongeza tena.

"Dada, ngoja," nikasema. "Usiongeze. Rudisha sufuri kwanza."

"Unaogopa?"

"Naogopa ikishika ghafla. Mimi ni mwalimu wa fizikia."

Akarudisha. Nikaketi, nikaifuata njia yote kichwani. Stima haitembei isipopata njia ya kurudi ilikotoka. Hapa ilitakiwa kutoka kwenye mashine hadi kijiti, iingie kiganjani, ipite mwilini hadi kidevuni, itokee kwenye sindano na kurudi kwenye mashine. Pakizibika popote, haipiti. Nikatazama viganja vyangu. Vilikuwa vinang'aa. Kulikuwa na baridi asubuhi hiyo, nami nilikuwa nimejipaka mafuta mengi ya mgando. Mafuta hayapitishi umeme.

Nilinawa kwa sabuni. Yeye akakizungushia kijiti kitambaa chenye maji, akaanza upya kutoka sufuri. Kabla hajafika hata nusu ya pale alipokuwa, nilisikia mwasho mkali kama wa pilipili. Baada ya sekunde chache unywele ukatoka wenyewe, bila kuvutwa.

Aliweka kibano chini. "Kuna wateja nimewaambia ngozi yao ni sugu," akasema polepole.

Nikasema angalau sasa joto la stima linaunguza mzizi vizuri.

"Hapo umekosea, Mwalimu. Si joto." Akanieleza kwamba kwenye ncha ya sindano stima hubadilisha maji na chumvi iliyo ndani ya ngozi kuwa kostiki soda, ile ya watengenezaji sabuni, kidogo sana. Hiyo ndiyo inayoua mzizi. Nilikuwa nimefundisha mada hiyo miaka mingi, kwa maji ya chumvi ndani ya bika la kioo maabarani, bila kuwaza kwamba mwili nao ni maji ya chumvi.

Ilichukua zaidi ya mwaka, kwa sababu nywele hazioti zote kwa wakati mmoja. Zile zilizolala huamka baadaye. Niliacha wembe.

Jumapili moja nilikwenda Ainabkoi kumwona mama yangu mzazi. Tukiwa jikoni tunamenya viazi, akanishika kidevu, akakipapasa.

"Zako zimeenda wapi?"

Sikuwa nimewahi kumwambia.

"Mimi nazing'oa kwa kucha tangu nilipokuzaa wewe," akasema. "Nikadhani ni aibu yangu peke yangu."

Nyingi zake zilikuwa zimeshakuwa mvi. Nikampigia simu yule mwanamke kuuliza kama hilo lina shida. Akasema sindano haijali rangi, nimlete Jumanne.