Chumvi ya Bi Chiyono na Daraja la Miaka Mia

Saa moja asubuhi, Shinji Nozawa amelala chali kwenye jukwaa la mbao chini ya daraja la kijiji cha Takezawa, akigonga chuma kwa nyundo ndogo. Anagonga, anasikiliza, anasogea. Chuma kizima kinalia. Kilicholiwa na kutu kinatoa sauti butu. Leo sauti butu ni nyingi.

"Limechoka," anasema. "Hili si la kutibu tena."

Nozawa, 58, amekagua madaraja ya milima hii ya theluji kwa miaka thelathini na mmoja. Mwaka huu halmashauri imempa kazi ya kulinganisha michoro miwili ya daraja jipya, wa chuma na wa zege, kwa gharama na moshi wa maisha yote ya daraja, tangu saruji inapochomwa kiwandani hadi siku litakapobomolewa, miaka mia ijayo. Kwenye hesabu za ofisini, chuma kililishinda zege: bei nafuu, moshi kidogo, na rangi mpya kila baada ya miaka thelathini.

Wataalamu walihesabu chumvi ya kuyeyusha barafu inayomwagwa na gari la halmashauri. Hawakumhesabu Bi Chiyono Kurihara, 81, anayechota chumvi kwenye mifuko ya akiba pembeni mwa daraja na kumwaga kwa mkono wake kila asubuhi ya baridi.

"Bibi, unamwaga kiasi gani?" Nozawa alimuuliza.

"Mpaka roho itulie! Marehemu mume wangu aliteleza hapa akavunjika nyonga. Ulitaka nipime kwa kijiko?"

Kwa chumvi hiyo, rangi haifiki hata miaka kumi na miwili, na chuma kinashindwa. Lakini zege linazidi bajeti kwa yeni milioni sitini, na halmashauri imeshasema fedha zikizidi, hakuna daraja. Kaya kumi na moja zitazunguka kilomita kumi na nne kumfuata daktari.

"Niliiogopa kalamu yangu mwenyewe," anakiri Nozawa, maana kuiandika chumvi hiyo kungewanyima daraja.

Wanakijiji waliposikia, walitia saini karatasi kuahidi kutumia mchanga badala ya chumvi. Nozawa alisoma majina yote, akaona uchungu. Aliye mdogo kuliko wote ana miaka 67.

"Nawaamini. Ila daraja litatuzika sote, na watakaokuja nao wataogopa kuteleza."

Akaiandika chumvi kwenye ripoti. Kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyeliuliza: kwa nini magari yapishane juu ya daraja?

Bi Chiyono aliangua kicheko. "Kijiji kizima magari matatu, na moja halina betri! Yakikutana, mmoja arudi nyuma."

Daraja la zege la njia moja limeingia ndani ya bajeti, kwa tabu. Madiwani watapiga kura Ijumaa.

Desturi ya huku hutaka daraja jipya livukwe kwanza na wanandoa wa vizazi vitatu vya nyumba moja. Takezawa haina tena nyumba ya hivyo. Kura ikipita na daraja likajengwa, Nozawa anataka Bi Chiyono atangulie kulivuka.

"Peke yangu? Na miguu hii? Mtachoka kusubiri, mwanangu."

"Tumeshapiga hesabu ya miaka mia, Bibi. Nenda taratibu tu."