Nati mbili za ekzosi

Sikiliza, wewe uliyeshika spana. Mpaka leo nikinusa moshi wa gari, mkono wangu hukimbilia dirisha.

Nilikuwa mtoto, nimekaa katikati ya baba na mama kwenye pikapu yetu, tunapeleka mahindi Kasanga. Alfajiri hiyo baba alikuwa amefunga ekzosi, bomba la moshi, mwenyewe. Alikaza nati moja mpaka mwisho, ndipo akaigusa ya pili. Baridi ya Ufipa ilituuma, tukapandisha vioo vyote.

“Mama watoto, umekunywa pombe ya ulezi asubuhi yote hii?” baba alitania alipomwona mama amesinzia.

Kichwa cha mama kilikuwa kizito begani kwangu. Nikamshika mkono, ukaniponyoka.

“Baba, mama haamki!”

Baba alikanyaga breki, akamburuta mama hadi kwenye nyasi zenye umande, akimwita na kumpiga mashavu. Mama alikohoa, akatapika, akauliza kama tumefika. Baba alifungua boneti. Upande wa nati ya pili, ekzosi ilikuwa imeachia na masizi yametapakaa; moshi ulikuwa ukipenya hadi ndani kwetu.

Basi, wewe anza kuzifunga nati zote mbili kwa vidole mpaka ziguse. Kisha kaza hii kidogo, ile kidogo, mpaka zibane sawasawa, ekzosi isiinamie upande mmoja.